Jasho linadondokea saitini ya mteja, na nyumbani ndengu wanaziita chakula cha bweni

Shikamoo Dada,

Nina miaka 49, ni fundi wa kushona, na kibanda changu kiko hapa Umoja. Tangu Desemba mwili huu umekuwa kama si wangu. Hedhi ilipotea miezi mitatu, nikasema haya, tumefika. Mwezi wa nne ikarudi kama bomba lililopasuka, siku tisa, ikanilaza kitandani. Siku hizi inakuja inapotaka na kuondoka inapotaka.

Lakini kinachonitesa zaidi ni joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na kwa dakika tatu nne hivi nahisi kama nimewekewa pasi mgongoni. Juzi nilikuwa nampima msichana nguo ya harusi, tepu iko kiunoni mwake, jasho likanidondoka puani mpaka kwenye saitini yake ya rangi ya pichi. Saitini haifichi maji, Dada. Ilibidi nikanunue kipande kingine kwa hela yangu.

Usiku ni vita. Mume wangu anavuta blanketi, mimi nalitupa. Nilienda zahanati moja jirani, nikaeleza kuhusu jasho la usiku, wakanipa dawa za malaria bila kunipima hata tone la damu. Nikazimeza zote. Jasho likaendelea.

Kwenye chama chetu kuna mwenzetu anayeuza unga wa mkebe, anasema unarudisha homoni. Mkebe mmoja ni shilingi 4,500 na ni wa mwezi mmoja. Nimenunua lakini sijaufungua, kwa sababu mama yangu kule Vihiga alipita hapa nilipo bila mkebe wowote. Nilipompigia simu alisema, "Kula saga, kula kunde, kula maharagwe, acha kuhangaika."

Basi nikaanza. Jumatatu nikapika ndengu, Jumanne githeri, Jumatano ndengu tena. Kijana wangu Brayo, ana miaka 19, akaangalia sahani akaniuliza, "Mathe, tumerudi boarding?" Baba yake akacheka. Alhamisi mzee akaja na nyama nusu kilo imefungwa kwa gazeti, akaiweka mezani bila kusema neno. Tangu siku hiyo napika sufuria mbili, yao na yangu, na mimi nakula pembeni kama mgonjwa. Tena tumbo linajaa gesi hadi naona aibu mbele ya wateja.

Naomba uniambie ukweli. Hizi mboga na ndengu zinasaidia, ama ni maneno ya wazee? Nile nini kwa pesa ya fundi? Na ule mkebe niufungue?

Fundi wa Umoja

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa ile saitini.

Nianze na mkebe kwa kuwa ndio unaokula pesa: usiufungue. Mrudishie mwenzako wa chama ukiweza, na akikataa, ugeuze usome nyuma. Kama kweli ndani mna homoni, hiyo ni dawa, na dawa ya namna hiyo huandikwa na daktari aliyekupima presha, akakuuliza kama kwenu kuna saratani ya matiti, akajua kama una uvimbe kwenye kizazi au huna. Kama hamna homoni, basi umenunua unga wa kawaida kwa bei ya mbuzi. Sioni njia ya tatu.

Mama yako amesema kweli, ila kweli yake ina mpaka. Hakuna mboga wala nafaka inayolizima lile joto, kwa sababu halitoki tumboni. Linatoka kichwani. Ubongo una sehemu inayopima joto la mwili; estrojeni, ile homoni ya kike, inapoanza kuyumba na kushuka, kipimo hicho kinakuwa chepesi kushtuka. Mwili ukipata vuguvugu kidogo tu, chenyewe kinadhani nyumba inaungua: kinafungua mishipa ya ngozi, kinamwaga jasho. Mimi lilinianza nikiwa na miaka 51, mwezi wa saba, Nairobi nzima imejifunika makoti, na mimi niko ndani ya matatu ya South B nimefungua dirisha hadi mwisho. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mama, funga, kuna watoto humu." Nikashuka vituo viwili kabla ya changu, nikamalizia kwa miguu.

Wanawake wengi hukaa nalo miaka, wala saba si ajabu. Kwa hiyo kama ndengu za wiki mbili hazijakupoza, hazikutumwa kazi hiyo. Zina kazi nyingine, na kwangu mimi ni kubwa kuliko ya kukausha jasho. Estrojeni ilikuwa mlinzi wa mifupa yako, na kwa kiasi fulani wa mishipa ya moyo. Ikiondoka, mifupa hupoteza madini kwa kasi katika ile miaka ya kwanza, mafuta mabaya kwenye damu hupanda, misuli hupungua, na kiuno kinapanuka hata kama hujaongeza tonge. Haya hayakuamshi usiku. Unakuja kuyajua ukiwa na miaka 65, umeteleza bafuni, nyonga imevunjika.

Kabla hatujaingia jikoni, ile damu ya siku tisa isikupite hivihivi. Nenda hospitali nyingine, si ile iliyokupa dawa za malaria kwa kukutazama usoni, wapime wingi wa damu yako na waangalie kama una uvimbe. Na usiseme "tumefika" bado. Kukoma kwa hedhi huhesabiwa miezi 12 ikipita mfululizo bila tone, na aliye chini ya miaka 50 hushauriwa aendelee kujikinga na mimba kwa miaka 2 tangu hedhi ya mwisho. Baada ya ile miezi 12, damu ikirudi, hata doa dogo, usingoje Jumatatu. Ukiwa huko huko uliza pia kuhusu tiba ya homoni. Katika vyote tunavyovijua, hiyo ndiyo inayopunguza joto zaidi; haimfai kila mtu, lakini kuuliza hakulipiwi.

Sasa twende jikoni.

Kwetu Mombasa ndengu tunaziita pojo, na sijawahi kusikia mtoto wa Kibokoni akiziita chakula cha bweni, kwa sababu hatuzipiki kama bweni. Bweni wanachemsha, wanatia chumvi na kitunguu kilichokata tamaa, basi. Brayo hachukii ndengu, anachukia kumbukumbu. Kijana huyo huyo saa saba mchana utamkuta kwenye kibanda analipia chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, kwa hiari yake.

Loweka vikombe viwili vya ndengu jioni. Asubuhi mwaga maji yale yote, suuza, chemsha kwa maji mapya. Zilizolowekwa hazichukui muda. Baada ya nusu saa hivi toa moja uibonyeze kwa vidole viwili, ikipondeka bila kukuachia kiini kigumu, zimeiva. Kaanga kitunguu mpaka kigeuke kahawia, si kulainika tu. Tia tangawizi na kitunguu saumu ulivyotwanga, bizari ya manjano, kisha nyanya mbili, na uwe na subira nazo mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria. Hapo ndipo ndengu ziingie na maji yake kidogo, na robo yake uziponde kwa mwiko ili mchuzi ushike. Kisha kikombe cha tui jepesi. Tui zito liache la sikukuu, mafuta yake si mazuri kwa moyo unaoutunza. Nazi ikiwa ghali, vijiko viwili vya njugu zilizosagwa vinafanya kazi hiyo hiyo, na mimi siku nyingine napenda hizo zaidi. Dania juu. Na mwisho kabisa, moto ukishazimwa, kamulia limau nusu.

Kikombe kimoja cha ndengu zilizoiva kina protini gramu 14 hivi. Mwanamke wa kilo 65 anahitaji angalau gramu 52 kwa siku, kwa hiyo bakuli moja limekupa zaidi ya robo, pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha yale mafuta mabaya. Maharagwe, njahi, kamande, mbaazi, zote ni za ukoo mmoja na hesabu zao zinakaribiana. Badilishabadilisha, usimlishe mtu ndengu Jumatatu na Jumatano kisha ushangae akilalamika.

Lile limau halikuja kwa ladha tu. Madini ya chuma yaliyo kwenye ndengu na mboga ni magumu kunyonywa kuliko ya nyama. Vitamini C huyafungulia mlango. Chai huufunga. Hapa najua nagusa pabaya. Lakini ile chai ya maziwa iliyokolea majani, tunayoshushia ugali saa mbili usiku, ina tanini zinazolishika lile chuma likapita tumboni bila faida, na wewe unayepoteza damu siku tisa huna chuma cha kuchezea. Sikuambii uiache, mimi mwenyewe nisingeweza. Isogeze tu: kunywa saa moja au zaidi baada ya chakula, ile ya saa nne kibandani iwe ndiyo chai yako kamili, na ya usiku ipungue kwa sababu inakunyima pia ule usingizi mdogo uliobaki. Na ipoe kwanza. Kinywaji cha moto sana huliamsha lile joto kwa wengi wetu, na pilipili, kahawa na pombe vilevile, ingawa si kwa kila mtu. Wewe una daftari la vipimo vya wateja. Fungua ukurasa wa nyuma, kila joto likikushika andika saa na ulichokuwa umekula au kunywa. Baada ya wiki tatu utaujua mwili wako kuliko mimi ninavyoweza kuubahatisha kutoka South B.

Gesi ya tumbo inakuja kwa kuwa tumbo halijazoea, ukaliletea ndengu na githeri siku tatu mfululizo. Anza na nusu kikombe, ongeza taratibu, na maji ya kulowekea usiyapikie kamwe. Ile gesi nyingine, ya mtungi, najua ndiyo inayowafanya watu watie magadi kwenye maharagwe yaive upesi. Magadi huharibu vitamini za kundi B na huongeza chumvi ya sodiamu kwa mwanamke ambaye presha yake ndiyo kwanza inaanza kutafuta kisingizio cha kupanda. Heri uloweke usiku, uchemshe mara moja mengi ya wiki nzima, uyagawe kwenye mikebe na kuyagandisha kwenye friji. Na wale akina mama wanaouza githeri iliyochemshwa kando ya barabara kwenye jiko la makaa, nawaheshimu sana, lakini waulize kama wametia magadi. Harufu na rangi vitakuambia hata wasipokujibu.

Kwenye mboga za majani kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kuwa na kalsiamu nyingi ni kimoja, kuitoa ni kingine. Terere na spinachi zina kalsiamu, lakini zina oksaleti nyingi inayoishika mwili usiipate. Sukuma wiki ni wa ukoo wa kabichi, oksaleti yake ni kidogo, na kalsiamu yake hunyonywa vizuri kama ya maziwa. Kwa hiyo ile mboga tunayoidharau kwa kuwa ni ya kusukuma wiki ndiyo rafiki wa mfupa. Terere uendelee kula, ina mengine mazuri, ila usiitegemee kwa mifupa.

Shida ya sukuma yetu ni kisu. Mama mboga anaikata nyembamba kama uzi wako wa cherehani kabla haijaoshwa. Ukifika nyumbani unaiosha, na yale maji ya kijani unayoyamwaga kwenye sinki ulikuwa umeyalipia. Nunua majani mazima, yaoshe, kisha ukate mwenyewe, na yasikae motoni mpaka yageuke rangi ya suti ya mwalimu mkuu. Dakika chache zinatosha. Ukiweza, muulize pia inatoka wapi, maana kuna mboga za humu mjini zinazomwagiliwa maji ya mtaro, na uchafu mwingine hauondoki kwa kuosha. Kama una nafasi ya gunia moja kwenye roshani, panda kunde. Baada ya wiki tatu nne utaanza kuchuma majani.

Saga na managu mama yako anazijua kuliko mimi niliyekulia kwenye mchicha wa nazi. Zile mnazozichemsha, mkazitia maziwa na kuzilaza usiku ili uchungu upungue, maziwa yale yanaziongezea kalsiamu juu ya mboga. Hesabu yako sasa ni miligramu 1,000 kwa siku, na ukivuka 50 ni 1,200. Glasi ya maziwa ina kama 300. Majani peke yake hayatakufikisha, kwa hiyo tia mala mchana, uji wa wimbi asubuhi badala ya mkate mkavu (gramu 100 za wimbi zina miligramu zaidi ya 300), na kama mnakula omena, ile na mifupa yake. Ila kama kuna msomaji anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga za majani kwa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Utaulizwa kuhusu soya, maana huyo wa mkebe hatanyamaza. Soya ina vitu vinavyofanana na estrojeni dhaifu sana. Kuna wanawake joto lao limepungua kidogo kwa kuila, na kuna ambao hawakuona tofauti yoyote. Ukitaka kujaribu, nunua soya yenyewe sokoni, ichanganye na maharagwe, iwe chakula. Na kwa kuwa kazi yako ni ya kukaa, nenda na urudi kwa miguu siku unazoweza, jua likiwa nje. Mfupa haujengwi kwa kutiwa madini tu, unataka kubebeshwa uzito.

Zile sufuria mbili ndizo zilizoniuma kuliko mengine yote. Mdogo wangu, mtu anayekula peke yake pembeni huacha baada ya mwezi. Pika moja. Nusu kilo ya mzee igawe mara tatu, kila kipande kiingie kwenye maharagwe au njahi kama kiungo. Yeye ataona nyama kwenye sahani yake, wewe utapata mchuzi, na hiyo nyama itawasukuma siku tatu. Mboga iwe nyingi kwa wote. Brayo naye ana moyo na mishipa, wala si mapema mno.

Halafu, kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipomwambia mzee kinachokupata. Anajua ulimeza dawa za malaria. Anajua unatupa blanketi. Ghafla anaona githeri. Pengine alileta ile nyama akidhani pesa za chakula zimeisha na unaona haya kumwomba. Mwambie usiku mkiwa wawili, kwa maneno ya kawaida: hedhi yangu inakoma, mwili unawaka, na mifupa inataka chakula hiki. Mume wangu mimi nilimweleza baada ya miezi minane ya kumnunia. Kesho yake akahamisha kitanda karibu na dirisha, na hakusema neno, kama wako na lile gazeti lake.

Jumapili jioni loweka ndengu vikombe viwili. Jumatatu zipike kama nilivyokueleza, uzipelekee chapati, uziweke mezani bila hotuba. Brayo akiuliza tena habari za boarding, mwambie huko hawakamulii limau.